Pamba na Bendi Zake: Nota Ambayo Hakuna Aliyeiimba

"Usiimbe. Tumeshapata mwingine."

Hapo ndipo tulipomwacha Pamba, msomaji: juu ya stuli ndefu katikati ya studio ya redio, visikizi masikioni, mdomo wazi, pumzi ya kwanza ya wimbo imeshajaa kifuani. Sauti ile ilipita kwenye visikizi ikamwingia kichwani kama mtu anayenong'ona kutoka ndani ya fuvu lake mwenyewe.

Aliijua. Angeijua hata chini ya maji.

Akageuka. Nyuma ya kioo, kwenye chumba cha mitambo, mdogo wake alikuwa ameinama juu ya maiki, kidole kimeganda kwenye kitufe. Mwembamba vilevile. Mrefu vilevile. Kitu kipya kilikuwa kovu dogo lililokata nyusi ya kushoto.

"Waya," Pamba akasema.

"Shikamoo, kaka," Waya akajibu, na salamu ile ikatoka kama tusi.

Kwa aliyeikosa wiki jana, nitasema kwa kifupi. Pamba na Waya ni ndugu wa tumbo moja. Mmoja sauti laini, mwingine vidole vya gitaa. Walianzisha bendi ya Mvua Nyepesi wakiwa vijana, wakapiga roki ya taratibu, ile ambayo gitaa linabembeleza na ngoma zinaomba ruhusa kabla ya kuingia. Wakatoa wimbo mmoja uliopata bahati: "Funga Dirisha Taratibu". Redio bado huupiga mchana wa mvua. Watu huuimba wakipiga pasi, wakisubiri zamu hospitalini, wakimbembeleza mtoto. Ukiwauliza aliyeuimba ni nani, wanatikisa kichwa.

Pamba aliivunja Mvua Nyepesi. Akaanzisha Kioo cha Pembeni, ikamfia mikononi. Sasa ana bendi ya tatu, Taa za Nyuma, inayopiga kwenye harusi na sherehe za maofisini. Na leo, saa kumi jioni, redio itarusha Mvua Nyepesi moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu ilipovunjika. Atakayeimba wimbo ule leo ndiye atakayeingia studio kurekodi albamu mpya.

Kwa Pamba, hii ilikuwa nafasi ya mwisho ya watu kuijua sura ya sauti ile. Aliitaka kiasi kwamba aliwadanganya wenzake wa Taa za Nyuma. Aliwaambia anakwenda kung'oa jino.

"Mwingine nani?" akauliza.

"Utamwona."

"Nimeitwa na redio, Waya. Sikuitwa na wewe."

"Redio ilimwita mtu aliyeimba ile nota ya juu," Waya akasema. "Wewe huiwezi."

Msomaji anayeujua wimbo anaijua nota hiyo. Ipo kwenye kiitikio, pale neno "taratibu" linaponyanyuka ghafla na kuning'inia peke yake, bila ngoma, bila besi, kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Watu wengi wakifika hapo hunyamaza na kuiachia redio.

Pamba akacheka. "Siiwezi? Jumamosi nimeiimba mbele ya ukumbi mzima. Bibi harusi alilia."

"Alilia kwa sababu nyingine. Fundi, hebu mpigie."

Fundi alikuwa ameketi nyuma ya piano, kwenye kona ya studio. Ndiye aliyeurekodi wimbo ule zamani, na sasa ndiye aliyekuwa msimamizi wa mitambo ya redio hii: mzee mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, asiyependa kuulizwa jambo mara mbili.

"Mimi sitaki ugomvi kwenye piano yangu," akasema.

"Piga tu, Fundi."

Fundi akapiga. Piano ilikuwa ya kweli, ya mbao, ya nyundo na nyuzi. Pamba akafumba macho. Ubeti ukatoka vizuri, laini, ingawa ulimkaa kooni kwa namna ambayo hakuizoea, kama shati la mtu mwingine. Hakujali. Kiitikio kikaja. Akajivuta, akanyanyua kidevu, akairukia ile nota.

Ikapasuka.

Si kupasuka kidogo. Ilipasuka kama sahani sakafuni. Fundi akaondoa mikono kwenye piano.

"Tena," Pamba akasema.

Akarudia. Mara hii haikufika hata mlangoni. Ilitoka kikohozi.

Nyuma ya kioo, Waya hakucheka. Angecheka ingekuwa afadhali. Alimtazama kaka yake kama daktari anayetazama picha ya mfupa.

"Piano ina kasoro," Pamba akasema. "Imepanda. Haikukazwa vizuri."

"Haya tena," Waya akajibu polepole. "Bado hujaacha. Kila chombo duniani kina kasoro isipokuwa koo lako." Akageukia mlango wa nyuma yake. "Ingia, mama. Mwambie wewe. Mimi hatanisikia."

Mlango ukafunguka.

Aliyeingia alikuwa Mama Besi, mpiga gitaa la besi wa Taa za Nyuma. Mwanamke mpana, mpole siku zote, mkoba wake mkubwa begani, mwavuli mkononi. Alipita chumba cha mitambo, akaja hadi mbele ya stuli, akamtazama Pamba mdomoni.

"Jino limetoka?"

"Mama Besi, nilikuwa nitawaeleza."

"Fungua mdomo nione pengo."

"Nani amekuita huku?"

"Mdogo wako kanipigia simu. Nikadhani umezimia kwa daktari, nimekimbia na kandambili." Kweli alikuwa na kandambili, na kidole gumba kimoja kilikuwa na vumbi lote la barabarani. "Kumbe bwana yuko anatafuta bendi nyingine. Tena ileile aliyoitupa."

"Mwambie ulichoniambia kuhusu Jumamosi," Waya akasema kwenye spika.

"Nitamwambia, usiniharakishe. Na wewe sikupendi pia, nakuona leo tu lakini sikupendi." Akamrudia Pamba. "Wimbo wako hatuupigi mahali pake. Tunaushusha."

"Mnaushusha vipi?"

"Nusu sauti. Kile kidato kimoja kidogo. Magitaa tunayalegeza kabla hujafika. Kinanda kina kitufe chake, unabonyeza mara moja, kila kitu kinashuka chini. Ukifika unakuta tumeshapanga, unaimba, unashangiliwa, unakwenda zako."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile uliyokohoa ukaona damu kwenye leso. Ulidhani hatukuiona. Tulikaa kwenye gari la vyombo tukakubaliana. Ndiyo maana tunakuambia mwimbaji mkubwa haji na wabeba spika, aje mwisho, kila kitu kikiwa tayari."

Alikuwa ameipenda sana desturi ile, masikini Pamba. Kila Jumamosi aliingia ukumbini mwisho, koti begani, akaona kwamba angalau bendi hii ya tatu inajua kumheshimu mtu.

"Mlinifanya mjinga," akasema.

"Tulikubeba!" Mama Besi akapiga sakafu kwa ncha ya mwavuli. "Ulimfukuza mpiga gitaa wetu wa kwanza kwa sababu nyuzi zake zinalegalega. Unakumbuka? Ulimsimamisha mbele za watu ukasema, kijana, hata gitaa lako limechoka na wewe. Zililegezwa kwa ajili yako! Na alinyamaza. Alibeba spika zake akaondoka amenyamaza, kwa sababu tulikuwa tumeahidiana hakuna atakayekwambia."

"Sikuwaomba!"

"Na hatutarudia. Jumamosi usije. Taa za Nyuma hawana mwimbaji."

Ndipo Waya alipotoka kwenye chumba cha mitambo. Gitaa lilikuwa limening'inia mgongoni. Nyuma yake alikuja msichana wa umri wa chuo, mrefu kama baba yake, nywele zimefungwa kwa kitambaa cha njano, mikono ndani ya mifuko ya sweta. Mara ya mwisho Pamba kumwona alikuwa anabebwa mgongoni.

"Huyu ndiye mwingine," Waya akasema. "Binti yangu."

"Shikamoo, baba mkubwa," msichana akasema. Tofauti na ya baba yake, salamu hii ilikuwa salamu kweli.

Pamba alikwepa macho yake.

"Mwimbie," Waya akaagiza.

"Baba, si lazima. Ameshasikia."

"Mwimbie nimesema."

Fundi akapiga. Msichana hakufumba macho wala hakunyanyua kidevu. Aliimba akitazama sakafu, kana kwamba anatafuta sarafu iliyoanguka. Ulipofika wakati wa kiitikio, ile nota ikapanda, ikakaa, ikaning'inia hapo juu bila kutetemeka, kisha ikashuka yenyewe ilipotaka.

Mama Besi akasema "Ee," kwa sauti ndogo, akajiziba mdomo.

Nisikufiche, msomaji: wakati ule Pamba alimchukia mtoto wa ndugu yake. Alimchukia kwa dakika nzima, na ni dakika ambayo hataisahau. Halafu chuki ikaisha, na palepale ilipokuwa hapakubaki kitu. Akavua visikizi, akaviweka kwenye stuli kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima.

"Haya," akasema. "Mmeshinda. Aimbe."

"Hutaondoka," Waya akasema. "Utakaa pale kwenye kiti, mgeni wa kipindi. Watakuuliza kwa nini umeacha kuimba, nawe utawaambia. Wakusikie kama walivyokusikia siku ile."

"Baba!" msichana akasema.

"Nyamaza, wewe huijui siku ile."

"Naijua. Umenisimulia tangu sijui kusoma. Mimi nina swali moja tu la kumuuliza baba mkubwa, halafu muendelee kutukanana." Akamgeukia Pamba. "Siku mliyorekodi, ulikuwa unaumwa?"

"Hapana. Kwa nini?"

"Pumzi zako. Nimejifunza wimbo kwa ile santuri, nimeisikiliza mpaka mama anafunga mlango. Kila ukivuta pumzi, ni fupi. Kama mtu aliyekimbizwa. Nikasema labda ana pumu. Lakini na gitaa la baba pia. Mwisho wa wimbo, ule uzi mnene anaouacha ulie peke yake, kwenye santuri unakufa mapema. Nimepiga gitaa lilelile, hili hapa, nikaacha ulie. Haufi mapema vile. Ni kama kila mtu kwenye ile santuri ana haraka ya kwenda nyumbani."

Fundi alikuwa anafuta miwani kwa pindo la shati. "Si ni mkanda tu huo," akasema.

Wote wakamtazama.

"Mkanda umefanyaje?" Waya akauliza.

"Niliuongezea kasi."

"Lini?"

"Mlipoondoka. Mkuu wa vipindi aliusikiliza akasema mzuri, ila unalaza watu. Nikazungusha kile kidude cha mwendo, mkanda ukaenda mbio kidogo, akasema hapo sawa, peleka kiwandani." Fundi akavaa miwani yake. "Mkanda ukienda mbio, sauti zote zinapanda pamoja. Ule wenu ulipanda nusu sauti, labda na ushei. Studio zote zilifanya hivyo. Kwani hamkujua?"

Feni ya dari ilikuwa inalia kwa mbali, kri, kri, kri.

"Kwani hamkujua?" Fundi akarudia, na safari hii alionekana kuanza kuogopa.

Msomaji, sasa nikurudishe nyuma hatua chache, ili uone kwa nini Waya alikaa chini sakafuni kama mtu aliyekatwa miguu.

Santuri ilipotoka kiwandani, ndugu hawa waliipeleka sebuleni kwa mama yao. Walikuwa wameupiga wimbo ule kwa magitaa, besi na ngoma tu, bila piano, na siku ya kurekodi wote walikaza vyombo vyao kwa kufuata gitaa la Waya. Sahani ikaanza kuzunguka. Waya, kwa furaha, akachukua gitaa ili apige pamoja nayo. Halikuingia. Kila alipopiga, gitaa lake lilikuwa chini na santuri iko juu, sauti zikigombana kama paka juu ya bati.

Pamba alisema, kwanza kwa kicheko: "Ulikaza vibaya studio." Kisha kwa hasira: "Sote tulikufuata wewe! Umetupandisha, umeniua koo ukumbini kila nikiimba!" Maana kuanzia siku ile, ili wimbo ufanane na santuri, ilibidi aimbe juu, na kila alipoifikia ile nota aliifikia kwa meno. Na siku moja, hewani, kwenye redio hiihii, alipoulizwa kwa nini Mvua Nyepesi imevunjika, alisema maneno haya: "Mdogo wangu hana masikio. Gitaa halikazwi na kiziwi."

Mama yao alikuwa jikoni, redio iko juu ya kabati. Aliisikia.

Miaka yote iliyofuata Waya alikaza gitaa lake nusu sauti juu, kila siku, hata kwa nyimbo zisizohitaji. Nyuzi zinakatika zikikazwa hivyo. Moja ilikatika ikampiga usoni. Lile kovu la nyusi ndilo hilo.

Na halikuwa gitaa. Halijawahi kuwa gitaa.

Wa kwanza kucheka alikuwa Mama Besi, kicheko kibaya, kisichokuwa na furaha hata kidogo. "Kwa hiyo sisi," akasema, "tulipolegeza zile nyuzi kwa aibu, tukijificha kama wezi, tulikuwa tunamrudisha mahali pake. Ile ya Jumamosi ndiyo nota yake hasa. Hajapoteza kitu huyu mtu."

Pamba alisikia maneno hayo yakimwingia taratibu. Hajapoteza kitu. Nota iliyompasua koo, nota iliyoiua Kioo cha Pembeni kwa sababu kila mpiga kinanda alionekana kwake mbovu, nota aliyomfukuzia mtu kazi: hakuna binadamu aliyeiimba kwenye mkanda ule. Wa kwanza kuiimba bila kujiumiza alikuwa msichana huyu mwenye sweta, sasa hivi.

Furaha ilimpanda kifuani. Kisha akamwona mdogo wake pale sakafuni, na furaha ikakwama njiani.

"Waya."

"Usiniguse."

"Samahani. Nilikosea. Nilikukosea sana."

"Unaomba hapa?" Waya akainuka. "Humu ndani ya kuta zilizobandikwa magodoro, mbele ya watu wanne? Kunitukana ulinitukana mbele ya nani? Nikienda kununua mkate, muuzaji ananiita kiziwi. Shule ya mtoto wangu, mwalimu wa muziki ananiuliza kwa kutania kama ameurithi ugonjwa. Mama alizima redio akakaa na sufuria mkononi mpaka ikapoa! Halafu unaniomba hapa, kwa kunong'ona, kama mtu anayeomba chumvi!"

"Sasa unataka nifanye nini?"

Spika ya dari ikakohoa. Ilikuwa sauti ya mtangazaji kutoka chumba cha pili, tamu kama sharubati, haina habari yoyote. "Wapendwa wangu wa Mvua Nyepesi, tunaingia hewani baada ya tangazo hili la sabuni. Nani anaimba?"

"Binti yangu," Waya akasema.

"Siimbi," msichana akasema.

"Unasema?"

"Siimbi, baba. Nilikubali nikidhani ameishiwa. Hajaishiwa. Siwezi kumpora mtu wimbo wake kwa sababu mashine ilikwenda mbio." Akarudisha mikono kwenye mifuko ya sweta. "Ukinipiga nipige, lakini siimbi."

Waya hajawahi kumpiga mtoto yule maishani mwake, na wote wawili walilijua hilo.

"Nani anaimba?" spika ikauliza tena, sukari imepungua.

"Mimi," Pamba akasema. "Fundi, nipigie nusu sauti chini."

Fundi akaangalia mikono yake. "Mimi naujua kwa mahali hapa tu. Ukinihamisha nitapotea njiani. Na hii ni piano ya kweli, haina kitufe."

Kwa hiyo piano haifai. Mama Besi alikuja na mwavuli, hakuja na besi. Kimebaki chombo kimoja tu chumbani, msomaji, na kimening'inia mgongoni mwa mtu ambaye angependelea kumpiga nacho Pamba kichwani. Tena gitaa lile lilikuwa limekazwa juu, kama siku zote. Ili Pamba aweze kuimba, lazima mwenye gitaa akubali kulilegeza, uzi mmoja baada ya mwingine, kwa mkono wake mwenyewe.

Taa nyekundu ikawaka.

"Karibuni tena, wasikilizaji," mtangazaji akasema, sukari yote imerudi. "Tuko na sauti ambayo nyote mnaijua na sura ambayo hamuijui. Bwana Pamba, kabla hujatuimbia. Watu wamekuwa wakijiuliza miaka mingi. Kwa nini Mvua Nyepesi ilivunjika?"

Jibu rahisi lilikuwepo, tayari ulimini. Kila mwanamuziki duniani analo: tulitofautiana kuhusu mwelekeo wa kazi. Linasemwa kwa tabasamu, halimuumizi mtu, kipindi kinaendelea. Pamba alikwisha kulitumia Kioo cha Pembeni ilipokufa.

Akakumbuka kabati la jikoni kwa mama yao. Redio bado iko pale juu. Mama huiwasha saa kumi akianza kupika.

Akaivuta maiki karibu.

"Ilivunjika kwa sababu yangu," akasema. "Hapahapa, kwenye redio hii, nilimwita mdogo wangu kiziwi. Nilisema alikaza gitaa vibaya. Leo nimejua kwamba gitaa lake lilikuwa sawa. Mkanda ndio uliongezwa kasi. Ile nota mnayonisifia sikuiimba mimi, mashine ndiyo iliyoiimba. Mdogo wangu ana masikio mazuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kupiga naye, na nilikuwa na bendi tatu. Nyote mliomwita kiziwi kwa sababu yangu, mumwache. Kiziwi nilikuwa mimi." Akapumua. "Mama, kama unasikiliza, ni hayo."

Fundi alikuwa amefumba macho. Mama Besi ameukumbatia mwavuli wake. Nyuma ya kioo cha pili mtangazaji alikuwa amefungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake hakikutoka kitu.

Kimya hewani ni kitu cha kutisha. Wenye redio wanakiogopa kuliko moto. Kikaendelea. Kikaendelea tena.

Waya akalileta gitaa mbele polepole. Hakumtazama kaka yake. Akaketi kwenye kiti cha mgeni, kile alichokuwa amemwandalia mwenzake. Mkono wake wa kushoto ukapanda hadi kichwani mwa gitaa, ukashika kigingi cha kwanza kati ya vile vinavyokaza na kulegeza nyuzi.

Pamba alishusha pumzi. Mabega yake yakateremka. Alijua sauti ya uzi unaolegezwa: unashuka kwa kuguna, kama mtu anayeketi baada ya kazi. Aliisubiri.

Kigingi kikalia: kri.

Uzi ukapanda.

Haukuguna. Kri, tena, ukapanda zaidi, mwembamba, mkali, karibu kukatika. Msichana aliondoa mikono mifukoni. "Baba," akanong'ona, "utakatika, utakupiga," na maiki ikayanasa maneno hayo na kuyapeleka nchi nzima. Waya akashika kigingi cha pili. Akanyanyua uso sasa, akamtazama kaka yake moja kwa moja, kovu likimetameta chini ya taa, na machoni mwake mlikuwa na kitu ambacho Pamba hakuweza kukisoma, machozi au moto.

"Imba," Waya akasema. "Pale nilipokuwa naishi mimi, karibu kukatika. Imba hapo."

Akakaza hadi uzi wa mwisho, akapiga nyuzi zote kwa pamoja, juu, juu kabisa kuliko santuri.

Pamba akafungua mdomo.